Uzito wa bidoni: nguvu moja kuanzia kwenye robine hadi kwenye nyota

Nakala ya kipindi cha masomo kwa redio. Kwa vikundi vya wasikilizaji, walimu na wanafunzi wa sekondari.

Vitu vya kuandaa: kamba nyembamba ya mita moja na nusu, jiwe dogo, chupa tupu ya plastiki, msumari, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, futi ya fundi cherehani, daftari na kalamu.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA POLEPOLE.]



MTANGAZAJI: Leo ni zamu ya fizikia. Najua wapo wanaotaka kuzima redio wakisikia neno hilo. Tafadhali, ngoja kidogo. Wengi wetu tulifundishwa fizikia kwa chaki tu, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, bila maabara, tukabaki tunaamini ni somo la watu wenye vyombo vya vioo na makoti meupe. Lakini karibu kila kitu nitakachokitaja leo utakiona kabla jua halijazama: bidoni la maji, pikipiki, robine, kamba na jiwe. Usiku ukiingia, ongeza mwezi na nyota. Na katikati ya kipindi tutafika kwenye jambo linalogombanisha majirani kila wiki kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo hata wewe mama ambaye hukai darasani, usiondoke.

Jambo moja tu ninataka ulishike leo. Nguvu inayofanya bidoni liwe zito kichwani mwako ndiyo hiyohiyo inayoleta maji kwenye robine, ndiyo inayoushika mwezi, na ndiyo inayoziweka nyota pamoja. Ni nguvu moja, na unaweza kuipima mwenyewe kwa kamba na jiwe.

[MUZIKI MFUPI.]

SEHEMU YA KWANZA: NGUVU, MASI NA UZITO

MTANGAZAJI: Nguvu, kwa lugha ya fizikia, ni kusukuma au kuvuta. Basi. Unaposukuma baiskeli iliyobeba mkaa, hiyo ni nguvu. Unapovuta kamba ya mbuzi, hiyo ni nguvu. Katika vitabu vya Tanzania utaikuta pia ikiitwa kani. Tunaipima kwa kipimo kinachoitwa niutoni, kwa heshima ya Isaac Newton wa Uingereza, ambaye tutakutana naye baadaye.

Sasa tuchukue bidoni la lita 20. Wengine mnaliita dumu, wengine jerikani, ni lilelile. Lita moja ya maji ina kilo moja. Kwa hiyo ndani ya bidoni mna kilo 20 za maji. Hizo kilo ndizo tunaziita masi. Masi ni wingi wa kitu chenyewe, haubadiliki hata ukikihamisha.

Uzito ni jambo jingine. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho kuelekea chini. Dunia huvuta kila kilo moja kwa nguvu ya karibu niutoni 9.8. Zidisha kwa 20, unapata niutoni 196. Ongeza uzito wa bidoni lenyewe, unafika kama niutoni 200. Huo ndio mzigo unaokaa kichwani mwa mama akitoka bombani.

Wanafunzi mnaosoma kwa Kifaransa, hapa ndipo mtihani unapowanasa wengi. Masi ni masse, hupimwa kwa kilo. Uzito ni poids, hupimwa kwa niutoni. Mtu akiandika kwamba poids ya bidoni ni kilo 20, sokoni ataeleweka, lakini mbele ya msahihishaji atapoteza alama.

Ukitaka kuona tofauti yake, lipeleke bidoni lile mwezini kwa mawazo. Maji ni yaleyale, kilo 20. Lakini mwezi ni mdogo kuliko dunia, na mvuto wake ni kama moja ya sita ya mvuto wetu. Uzito wa yale maji ungekuwa niutoni 33 tu. Mtoto angelibeba kwa mkono mmoja, kama anavyobeba hapa lita tatu na kidogo. Masi imebaki, uzito umebadilika.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI PIKIPIKI HAISIMAMI PAPO HAPO

MTANGAZAJI: Mwaka 1687 Newton alichapisha kitabu ambamo aliweka sheria tatu za mwendo. Ya kwanza inasema hivi kwa maneno yetu: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka nguvu fulani ikibadilishe.

Umewahi kupanda lori au basi, dereva akakanyaga breki ghafla, ukajikuta umerukia mbele. Hakuna aliyekusukuma. Gari limesimama, mwili wako ulikuwa bado unaendelea na safari. Ndiyo maana watoto wanaoning'inia nyuma ya lori la maji wako hatarini. Lori likipinda kona, lenyewe linapinda kwa sababu matairi yanashika barabara. Mtoto anashikwa na vidole vyake tu. Vidole vikiachia, mwili unaendelea kwa ile njia iliyonyooka, na huko huenda kuna jiwe au mtaro. Wazazi, tuwaambie.

Nguvu inayosimamisha pikipiki ni msuguano kati ya tairi na barabara. Na hapa kuna hesabu ambayo kila kijana wa bodaboda anapaswa kuijua. Ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kama kwa kilomita 36 kwa saa breki zinahitaji mita 7, kwa kilomita 72 kwa saa zitahitaji mita 28. Na hapo sijahesabu muda wa kushtuka. Kwa kilomita 36 kwa saa unakwenda mita 10 kila sekunde moja. Ukichelewa sekunde moja kukamata breki, umeshapita mita 10 kabla breki haijafanya kazi yoyote.

Mvua ikinyesha juu ya udongo wetu mwekundu, msuguano unapungua sana, na mita zile zinaongezeka. Breki ni zilezile na dereva ni yuleyule. Kilichopungua ni nguvu ya kushika. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuona hatari. Ukisubiri mpaka uione, umechelewa.

[MUZIKI MFUPI.]

SEHEMU YA TATU: UGOMVI WA ROBINE

MTANGAZAJI: Sasa tufike kwenye maji. Swali hili linarudi mara nyingi: kwa nini robine za chini zinatoa maji kwa nguvu, na sisi wa mwinukoni yanatiririka kama machozi? Nani amependelewa? Nimesikia watu wakitukanana kwa kabila na kwa nchi kwa sababu ya swali hilo. Kabla hatujamlaumu mtu, tuulize kwanza fizikia.

Tangi huwekwa juu, kwenye kilima au kwenye mnara, ili dunia iyavute maji kwenda chini yenyewe bila pampu. Fikiria bomba lililosimama wima, ambalo tundu lake lina ukubwa wa sentimita moja ya mraba, kama ukucha wa kidole chako cha shahada. Lijaze maji mpaka kimo cha mita moja. Ndani mtaingia mililita 100, yaani gramu 100, ambazo uzito wake ni karibu niutoni moja. Uzito huo wote unakalia ile sentimita moja iliyo chini. Hiyo ndiyo presha, yaani nguvu juu ya kila eneo.

Kumbe kanuni ni rahisi: kila mita moja ya kimo cha maji inaongeza kama niutoni moja kwa kila sentimita ya mraba. Presha hii haiangalii unene wa bomba wala upana wa tangi. Inaangalia kimo tu, kuanzia uso wa maji ndani ya tangi mpaka kwenye robine yako.

Tuseme robine ya bondeni iko mita 12 chini ya maji ya tangi. Presha yake ni niutoni 12 kwa kila sentimita ya mraba. Robine ya mwinukoni iko mita 4 tu chini ya maji hayohayo. Presha yake ni niutoni 4. Tangi ni moja na bomba ni moja, lakini ya bondeni ina presha mara tatu. Na hiyo ni kabla hakuna mtu aliyefungua.

Zikifunguliwa, tofauti inazidi. Maji yakikimbia ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano unakula presha. Robine nyingi za bondeni zikiwa wazi kwa pamoja, maji yanakimbia sana kwenye bomba kuu, presha nyingi inaliwa njiani, na robine ya juu inabaki na kidogo au haibaki na kitu. Hakuna aliyefanya uchawi, na pengine hakuna aliyependelewa.

Mnaotaka kuona kwa macho, chukueni ile chupa ya plastiki. Kwa msumari toboeni matundu matatu yanayolingana upande mmoja: moja karibu na juu, moja katikati, moja karibu na chini. Zibeni kwa vidole, jazeni maji, wekeni chupa juu ya ukuta au meza ndefu, kisha achieni yote kwa pamoja na kifuniko kikiwa wazi. Tundu la chini litarusha maji kwa nguvu kuliko la juu. Chupa ni moja, maji ni yaleyale, kimo ndicho kilichotofautiana. Maji yakusanyeni kwenye beseni, tusimwage bure.

Lakini fizikia haimtetei mtu aliyefunga valvu kwa makusudi, wala haifichi bomba lililopasuka. Inatusaidia kujua tuanze kuuliza wapi. Fanyeni hivi pamoja na kamati yenu ya maji. Siku tangi limejaa, pimeni kwa simu muda wa kujaza bidoni la lita 20 kwenye robine ya juu, robine nyingine zote zikiwa zimefungwa. Andikeni. Halafu pimeni tena zile za chini zikiwa wazi. Andikeni.

Kama za chini zikifungwa yenu inapona, tatizo ni mwinuko na foleni ya pamoja, na dawa yake ni zamu: bondeni wafunge saa fulani ili mwinukoni nao wachote. Kama za chini zimefungwa, tangi limejaa, na yenu bado ni dhaifu kuliko kimo chake kinavyostahili, huenda bomba limeziba, linavuja, au valvu haikufunguliwa yote. Hapo ni kazi ya fundi.

Na ili mjue mko wapi, viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia, vinahesabu watu wasiozidi 250 kwa robine moja inayotoa lita 7.5 kwa dakika, na maji yasiyopungua lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa mwendo huo, bidoni la lita 20 linajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano, badala ya kusema "mnatuonea", sema "bidoni letu linajaa kwa dakika saba, la chini linajaa kwa dakika mbili, na hii hapa ni karatasi ya siku tano". Kelele mtu anaweza kuizoea. Namba iliyoandikwa mbele ya mashahidi ni vigumu kuikwepa.

[SAUTI YA MAJI YAKIJAZA BIDONI. INASHUKA.]

SEHEMU YA NNE: PIMA MVUTO WA DUNIA KWA KAMBA

MTANGAZAJI: Nilisema dunia huvuta kila kilo kwa niutoni 9.8. Usiniamini kwa sababu nimesema redioni. Ipime.

Funga jiwe kwenye kamba, na ncha nyingine ifunge kwenye msumari au tawi lisilotikisika. Omba futi ya fundi cherehani, upime kutoka mahali kamba ilipofungwa hadi katikati ya jiwe. Rekebisha mpaka iwe mita moja kamili. Sasa vuta jiwe pembeni kidogo, kama upana wa kiganja tu, uliachie bila kulisukuma. Litakwenda na kurudi. Kwenda na kurudi ni moja. Hesabu 20, huku mwenzako akishika saa ya simu.

Utapata kama sekunde 40. Gawanya kwa 20: kila mara moja imechukua sekunde 2. Sasa hesabu: 4 mara 3.14 mara 3.14 mara urefu wa kamba, ambao ni 1. Inakuwa 39.4. Gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 2 mara 2, ambayo ni 4. Jibu ni karibu 9.9. Umepima mvuto wa sayari nzima kwa kamba na jiwe. Mwenye mkono mtulivu atapata jibu la karibu zaidi.

Sasa badilisha jiwe, funga zito mara mbili, lakini urefu uwe uleule. Wengi hudhani litakwenda haraka. Pima. Muda ni uleule. Sababu ni kwamba jiwe zito linavutwa zaidi, ndiyo, lakini pia ni gumu zaidi kulisogeza, na mambo hayo mawili yanasawazishana kabisa. Ndiyo maana vitu vyote vingeanguka sawa kama hewa isingekuwepo. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Viligusa ardhi pamoja, dunia nzima ikiona kwa televisheni.

Kamba hiyo imewahi kufundisha jambo kubwa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya kuning'inia kutoka Paris hadi Cayenne, mji wa Amerika ya Kusini ulio karibu na ikweta. Huko saa ikaanza kuchelewa dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuwa mbovu. Mvuto karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya, kwa sababu dunia inazunguka na imetanuka kiunoni. Nasi hapa tuko karibu na ikweta: kwetu ni kama 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Tofauti ndogo, lakini ilionekana kwa kamba na uzito.

SEHEMU YA TANO: MWEZI NAO UNAANGUKA

MTANGAZAJI: Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza. Chuo Kikuu cha Cambridge kikafungwa, wanafunzi wakarudi makwao. Mmoja wao alikuwa Isaac Newton, kijana wa miaka 22. Alikaa kijijini karibu miaka miwili bila darasa. Katika kipindi hicho ndipo alipoanza kujiuliza: mvuto unaoangusha tunda kutoka mtini, je, unafika hadi mwezini?

Sikilizeni hesabu, ni nzuri. Jiwe ukiliachia hapa, katika sekunde ya kwanza linaanguka kama mita 5. Sisi tuko kilomita 6,370 kutoka katikati ya dunia. Mwezi uko kama kilomita 384,000, yaani mara 60. Newton alisema mvuto hupungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mara 60 ya umbali, basi mvuto umepungua mara 60 mara 60, ambayo ni mara 3,600. Gawanya mita 5 kwa 3,600, unapata kama milimita 1.4. Ndivyo mwezi unavyoanguka kuelekea kwetu kila sekunde. Na ukipima njia ya mwezi angani, ndivyo ilivyo hasa.

Utauliza: kama unaanguka, mbona haujatufikia? Kwa sababu katika sekunde hiyohiyo unakwenda pembeni kama kilomita moja. Unaanguka, lakini dunia inakosekana. Ni kama jiwe unalolizungusha kwa kamba juu ya kichwa: mkono wako unalivuta ndani kila wakati, nalo linaendelea kuzunguka. Kamba ikikatika, linaondoka kwa mstari ulionyooka. Kwa mwezi, kamba ni mvuto.

Setilaiti nazo ni hivyo. Jioni, jua likishazama, tazama juu kwa utulivu, huenda ukaona nukta inayotembea taratibu kati ya nyota bila kumetameta. Inapita kwa kasi ya kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, na nyingi huzunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Haina injini inayoishikilia juu. Inaanguka tu, bila kufika.

Sikutaja kufungwa kwa Cambridge ili kuwaambia kwamba kukosa shule ni jambo jema. Si jema. Newton alikuwa na nyumba, chakula na vitabu, na wengi wetu tunajua tofauti yake. Nilichotaka mkione ni kwamba swali halikungoja darasa lifunguliwe. Wewe uliyeacha shule njiani, daftari lako la mwisho likabaki kwenye nyumba iliyoungua, swali lako bado ni lako.

[MUZIKI MFUPI.]

SEHEMU YA SITA: JUU ZAIDI

MTANGAZAJI: Katika jambo moja watu wa kambini tumewazidi watu wa Paris na Nairobi: giza letu ni zuri. Taa za miji mikubwa zinafuta nyota. Sisi, usiku usio na mwezi, tunaona mbingu yote.

Nuru inakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka mwezini inatufikia kwa sekunde 1.3. Kutoka kwenye jua, lililo kilomita milioni 150, inachukua dakika 8 na sekunde 20. Kwa nyota, kilomita hazitoshi tena, tunahesabu kwa mwaka wa nuru, yaani umbali ambao nuru inasafiri kwa mwaka mzima.

Wakulima wanakijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambalo jioni za Desemba na Januari huonekana vizuri. Kiko umbali wa kama miaka 440 ya nuru. Nuru itakayoingia machoni mwako ilianza safari kabla Newton hajazaliwa. Kutazama mbali ni kutazama zamani.

Ule mkanda wa weupe unaopita angani ni galaksi yetu, Njia Nyeupe, tukiiangalia kutoka ndani. Ina nyota zaidi ya bilioni 100, na jua letu ni moja. Mnaosoma kwa Kifaransa angalieni: bilioni yetu ndiyo milliard yenu, msikosee sifuri. Nyota zote hizo zinazunguka pamoja zikishikwa na mvuto, uleule wa bidoni. Jua linahitaji zaidi ya miaka milioni 200 kumaliza mzunguko mmoja. Na nje ya galaksi yetu kuna nyingine nyingi. Moja, Andromeda, huonekana kwa macho kama wingu hafifu upande wa kaskazini, jioni za Oktoba hadi Desemba, kwenye giza safi. Nuru yake ina umri wa miaka milioni 2.5.

Mwaka 1927 padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble akachapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyoondoka kwa kasi zaidi. Mama anayepika mandazi ataelewa. Changanya karanga kwenye unga wenye hamira, uache uumuke. Kila karanga inaona nyingine zote zinamwacha, na zilizo mbali zinaachana naye haraka zaidi, ingawa hakuna karanga inayotembea. Unga ndio unaotanuka. Ukirudisha hesabu nyuma, vitu vyote vilikuwa pamoja, katika hali ya moto na msongamano mkubwa, miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Na kazi haijaisha. Miaka ya 1970 Mmarekani Vera Rubin alipima jinsi nyota zinavyozunguka kwenye galaksi, akakuta zile za pembeni zinakwenda kasi mno. Kwa mvuto wa vitu tunavyoviona tu, zingetawanyika. Kuna masi nyingine huko isiyotoa nuru, na mpaka leo wanasayansi wanatafuta ni kitu gani. Atakayejibu swali hilo pengine sasa anakaa darasani mahali fulani, au anangoja zamu yake bombani.

[MUZIKI WA KUFUNGIA UNAANZA KWA CHINI.]

MTANGAZAJI: Tukumbushane. Masi ni kilo, uzito ni niutoni. Kasi mara mbili, breki mara nne. Presha ya robine ni kimo, na kila mita ni niutoni moja kwa sentimita ya mraba. Mvuto unapimwa kwa kamba. Mwezi unaanguka milimita 1.4 kila sekunde.

Maswali ya wiki. La kwanza: maji ya tangi yako mita 9 juu ya robine. Presha ni kiasi gani? La pili: robine inajaza bidoni la lita 20 kwa dakika 5. Inatoa lita ngapi kwa dakika, na je, inafikia kiwango nilichokitaja? La tatu, kwa majaribio: fupisha kamba iwe sentimita 25, upime muda wa kwenda na kurudi. Fanyeni kwa vikundi, na wasichana washike saa na kalamu, wasiachiwe kufua beseni tu.

Usiku mwema, na mvua isiwakute nje. Kwaherini.

[MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNAISHA.]

Majibu kwa viongozi wa vikundi: (1) Karibu niutoni 9 kwa kila sentimita ya mraba. (2) Lita 4 kwa dakika, haifikii 7.5. (3) Karibu sekunde 1: urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu.